Maafa kwa Zamu: Buti la Mkaguzi

Buti lilikuwa la kwake.

Najua mmekaa roho juu wiki nzima, kwa hiyo siwazungushi. Lilikuwa buti la mpira, jeusi, la mguu wa kushoto, lenye kiraka chekundu kisiginoni. Mkaguzi alilivuta topeni kwa mikono miwili, likatoka kwa mlio wa aibu. Akaligeuza juu chini. Maji yakamwagika, na chura naye akamwagika. Kisha Mkaguzi akautazama mguu wake wa kushoto, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa mfuko wa nailoni. Akaufungua mfuko, akauingiza mguu ndani ya buti.

Mguu ukaingia bila kubishana.

"Buti hili," alisema polepole, "lilinivuka asubuhi kwenye shamba la Mwenyekiti."

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu Mwenyekiti wa kijiji, maana mdomo wake ulizoea kukubali kabla kichwa hakijasikia.

"Na shamba la Mwenyekiti liko upande wa pili wa kijiji."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa buti langu limefikaje kwenye shamba la Mama Pacha?"

Mwenyekiti akakosa "ndiyo" ya kujibia. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama katikati ya tope kama mwenye shamba, alitamani tope limmeze mzima mzima, pamoja na gauni lake la kutokea.

Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani, usogee nikudokeze mambo yalivyoanza.

Msimu uliopita mto ulifurika ukalamba mashamba yote ya kijiji. Kwa Mama Pacha ulichukua mahindi na maharage, na juu yake ukamchukua Karani, ng'ombe wake wa kulimia, aliyekuwa akivuta plau bega kwa bega na mwenzake Meneja. Wanakijiji wakaomba msaada wa maafa. Serikali ikasema subirini. Wakasubiri mpaka matumbo yakaanza kuwasuta, basi wakaazimana mbegu, wakapanda upya. Mkaguzi wa serikali alipofika hatimaye, kijiji kilikuwa kijani kama kimepakwa rangi.

Na Mkaguzi alikuwa na msimamo wake. "Maafa nisiyoyaona kwa macho yangu, mwenye shamba akiwa amesimama katikati yake, hayapo."

Shamba moja tu lilibaki vile vile mto ulivyoliacha. Lilikuwa la bwana mmoja aliyeitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kazi yoyote. Hapo ndipo Mwenyekiti alipopata akili. Mkaguzi akapandishwa kwenye tela la trekta, akazungushwa nyuma ya mashine ya kusaga, nyuma ya josho, vichakani, kisha akaletwa kwenye shamba la Kesho. Akazungushwa tena, akaletwa tena, kwa kona nyingine, akakabidhiwa mwenye shamba mwingine. Kila mara sanamu la kutishia ndege lilibadilishwa nguo. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amesifu: "Masanamu ya huku yanapenda kuvaa."

Sasa ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Yeye hakutaka mengi, alitaka ng'ombe tu. Plau lenye ng'ombe mmoja hulima duara, na mumewe, aliyekuwa akiponda kokoto machimboni, alikuwa ameshatuma neno: kama ng'ombe hapatikani, Meneja naye auzwe, shamba liachwe, mke na pacha wake wamfuate kwenye kokoto. Mama Pacha alikuwa amewahi kuyaona machimbo hayo mara moja. Watoto wa huko walikohoa kama wazee.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Turudi topeni.

"Nimeuliza," alisema Mkaguzi. "Buti limefikaje?"

"Ni mafuriko, mheshimiwa!"

Aliyesema ni Wifi. Huyu alikuwa dada wa mumewe Mama Pacha, mwanamke mwenye mabega ya kubebea magunia na mdomo usio na komeo. Wawili hawa waliishi nyumba moja na waligawana kazi: Mama Pacha, ambaye sauti yake haikuvuka kizingiti, akiwa na neno humnong'oneza Wifi, na Wifi hulipigia kelele. Hata ng'ombe wake Mama Pacha hakuwahi kuwafokea. Aliwasogelea sikioni, akawaambia taratibu, nao wakaenda.

"Mafuriko gani? Mbona jua linawaka?"

"Ya chini kwa chini, mheshimiwa. Juu unaona pametulia, chini kunatembea. Juzi sufuria yangu ilizama jikoni, ikaibukia uani kwa shangazi."

"Sufuria?"

"Na mfuniko wake."

"Ndiyo, mheshimiwa," Mwenyekiti akapata pa kudandia. "Mimi kitanda changu nikilala kinatazama mlango, nikiamka kinatazama dirisha."

Mkaguzi hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni ukimletea jambo la ajabu hulitafutia kanuni kwanza, kucheka baadaye. Alifumba macho. Midomo ikawa inacheza, kama mtu anayekariri.

"Kwa hiyo mafuriko hayajaisha," alisema.

"Yaishe wapi!" Wifi alifurahi.

"Yanaendelea."

"Usiku na mchana!"

"Basi nasikitika," Mkaguzi akafumbua macho. "Maafa hulipwa yakishaisha. Maafa yanayoendelea hayalipwi, yanakimbiwa. Mwenyekiti, piga filimbi. Kijiji chote kihame kabla jua halijazama."

Tabasamu la Wifi likabaki usoni halina kazi.

"Kihame kiende wapi, mheshimiwa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Juu. Popote palipo juu. Malipo yote yamesimama."

"Umetumaliza, mwanamke," Mwenyekiti alimnong'oneza Wifi kwa meno yaliyofungana. "Umetumaliza na sufuria yako!"

"Na kitanda chako je? Kilichotazama dirisha?"

Kabla hawajashikana, kwenye ukingo wa shamba alitokea mtu. Amekunja suruali mpaka magotini. Amekunja mikono ya shati. Begani ana jembe.

Alikuwa Kesho.

"Habari za kazi," alisalimia.

Watu wote wakageuka. Salamu hiyo haikuwahi kutoka kinywani mwake tangu azaliwe.

"Unakwenda wapi na jembe?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kulima."

"Leo?"

"Leo."

"Ndugu yangu, si ulisema mgongo unakuuma?"

"Umepona wenyewe. Tangu asubuhi nimelala pale kichakani nawatazama. Mnaingia humu mmoja mmoja, mmevaa nguo za heshima, mnapigwa picha. Nikasema moyoni, kumbe shamba langu ni zuri hivi, na mimi nimeliacha! Nikaona haya. Nikaamka."

"Shamba la nani?" aliuliza Mkaguzi.

"Langu."

"Mgonjwa huyu, mheshimiwa," Mwenyekiti aliingilia haraka. "Maji ya mafuriko yalimwingia masikioni. Kila shamba analoliona anadai ni lake."

"La kwako sijalidai," Kesho alisema kwa ustaarabu. "Lina mahindi tele, nani atahangaika kuyavuna?"

"Mahindi tele?" Mkaguzi akageuka mzima mzima.

Kesho akainua jembe. Mwenyekiti akaruka, akalidaka hewani. Mmoja alivuta huku, mwingine kule. Hebu fikiria, msomaji: kiongozi wa kijiji, mtu aliyehutubia mara ngapi juu ya uvivu, anamnyang'anya mvivu jembe ili asilime!

"Kesho, nakuomba! Lima kesho!"

"Kesho ndivyo mlivyozoea kuniita nyinyi!" Kesho alilia kwa uchungu. "Mtu akitaka kubadilika mnamzuia!"

"Lete kamba ya tela!" Mwenyekiti alimpigia kelele dereva wa trekta. "Afungwe huyu, atamdhuru mheshimiwa!"

Mama Pacha aliona kamba inakuja. Aliona uso wa Kesho, mtu ambaye siku ya kwanza ya maisha yake kushika jembe kwa hiari alikuwa anakwenda kufungwa kama mbuzi. Akatazama ng'ambo, akamwona Meneja amesimama peke yake kwenye mpaka wa shamba, nira imeegemea mti kando yake. Akaona filimbi mkononi mwa Mwenyekiti, na kijiji kinachokwenda kuhama kwa sababu ya buti.

Akapiga moyo konde.

"Mwacheni," alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Mwacheni!" alirudia, na safari hii Wifi mwenyewe alishtuka, kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. "Shamba ni lake. Shamba langu ni lile pale."

Akanyoosha kidole kwenye mahindi mabichi, yaliyosimama mstari kwa mstari, yakiyumba kwa upepo bila kujali kitu.

"Wifi, umechanganyikiwa?" Wifi alimfinya.

"Tumemzungusha, mheshimiwa. Ni shamba hili hili tangu asubuhi. Ndiyo maana umelikuta buti."

Mwenyekiti alikaa kwenye tope. Hakuchagua pa kukaa.

* * *

Mkaguzi aliingia kwenye mahindi ya Mama Pacha akitembea kwa mabuti yote mawili. Aligusa jani. Akagusa jingine. Watu walimfuata kimyakimya kama wanaosindikiza maiti, na Kesho akawa wa mwisho, jembe lake begani, kwa maana hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya tena.

Walingoja afoke. Badala yake Mkaguzi alikaa juu ya tuta, akashika tama.

"Nimekuja na moyo mweupe wa kulipa," alisema. "Kila ninakopelekwa nakuta mahindi. Vijiji vyote vya mto huu! Naambiwa maafa, naonyeshwa mahindi. Jana mama mmoja alinionyesha mbaazi. Nitaandika nini? Na nyinyi ndio mlionidanganya kuliko wote."

"Tulikudanganya shamba," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo. "Mafuriko hatukukudanganya."

"Mliathirika mkapanda. Kwa kanuni, aliyepanda amepona. Mwathirika ni yule ambaye shamba lake bado limeharibika." Mkaguzi akahesabu kwa macho watu waliomzunguka. "Kwa maana hiyo, kijiji kizima, mwenye haki ya kulipwa ni mmoja."

Wote wakageuka, wakamtazama Kesho.

"Mimi?" Kesho alistaajabu. "Mimi hata kabla ya mafuriko sikuwa nimepanda kitu."

"Nyamaza wewe!" Wifi alimkata kauli. "Mtu anapewa, anakataa!"

Mkaguzi alinyanyuka. Macho yake yalikuwa yameangukia kwa Meneja.

"Shamba lote hili umelilima na ng'ombe mmoja?"

"Walikuwa wawili, mheshimiwa. Karani alichukuliwa na maji."

"Ng'ombe mmoja atavutaje plau?"

Mama Pacha aligeuka. Alimtazama Wifi. Wifi akatazama mawingu.

"Mheshimiwa ameuliza, wifi yangu," Mama Pacha alinong'ona.

"Sitaki. Nilishaapa. Shingo hii hairudi tena mle."

"Mara moja tu, wifi. Hatua chache tu, aone."

Wifi akafyonza mfyonzo mrefu. Akavua kitambaa cha kichwa, akamkabidhi Mwenyekiti bila kumtazama. Mama Pacha akaleta nira na plau pembeni ya mahindi, akamnong'oneza Meneja sikioni, Meneja akaingia upande wake wa kulia. Wifi akainama, akaingiza shingo upande wa kushoto.

Meneja alimgeukia, akamtazama kama mfanyakazi wa zamani aliyeletewa mwenzake asiyejua kazi.

"Usinitazame," Wifi alimwambia. "Na mimi sikukuchagua."

Wakavuta. Plau likakata ardhi, likayumba, likaanza kupinda upande wa Wifi. "Nyoosha, wewe!" Wifi alimkemea ng'ombe. "Unanisukuma! Hivi ndivyo ulivyomfanyia marehemu?" Mtaro uliobaki nyuma yao ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe. Mwenyekiti alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akakohoa.

Mkaguzi alikuwa amevua kofia.

"Mlilima hivyo shamba zima?"

"Mpaka kwenye mti ule," alisema Mama Pacha. "Mimi nyuma nimeshika plau."

Mkaguzi akafumba macho, midomo ikaanza tena kucheza. Watu wakamsogelea.

"Kuna kanuni," alisema. "Mnyama wa kulimia aliyepotea hulipwa hata kama shamba limepandwa upya."

"Alhamdulillahi!" alitamka Mwenyekiti.

"Ila sharti nira iwe imebaki wazi upande mmoja." Akaitazama nira. Akamtazama Wifi. "Hii haiko wazi. Ina mtu."

Sijui kama uliwahi kuona mwanamke mwenye mabega mapana akitoka kwenye nira. Wifi alitoka kama risasi.

"Sasa je?"

"Sasa iko wazi," Mkaguzi alikubali, tena kwa furaha, kwa sababu na yeye alikuwa binadamu. "Mama, serikali hailipi ng'ombe kwa pesa. Inalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Lori limepaki kwenye uwanja wa shule na wanyama ndani. Wako utamwona leo hii. Na nitawaambia neno jingine. Tangu asubuhi mtu aliyenieleza ukweli ni huyu mama peke yake. Kwa neno lake nitakubali kwamba mafuriko yalikuwepo, na mazao ya wote yatalipwa."

Mwenyekiti akataka kumbusu mkono. Mkaguzi akauvuta.

"Sijamaliza. Neno lake likiwa na ufa, hata ufa wa unywele, naondoka na lori langu, na kijiji hiki hakipati hata punje. Mama Pacha, kinacholipwa ni kilichopotea kisirudi. Haya, apa."

Mama Pacha akainua mkono. Siku ile ya mafuriko alisimama darajani, akaona pembe za Karani zinapita chini, zinazunguka mara moja, zinaingia kwenye povu. Alilia mpaka pacha wakamletea maji.

"Naapa Karani alichukuliwa na maji, hajarudi."

"Sema amekufa."

Akashusha mkono kidogo. "Nilimwona akienda tu, mheshimiwa."

"Kanuni haina mahali pa mnyama aliyekwenda tu. Amekufa au hakufa?"

Wifi alimfinya ubavuni. Mwenyekiti alimfinya ubavu wa pili. Wanakijiji wote waliokuwa wakingoja zamu zao walimtazama kwa macho ya kuomba.

"Amekufa," alisema Mama Pacha.

* * *

Lori lilikuja kwa kurudi nyuma, likapiga honi bila sababu, likasimama ukingoni mwa shamba. Dereva wake, kijeba mmoja mwenye miwani ya jua, akashusha ubao.

"Mwenye bahati ni nani?" aliuliza. "Huyu wa kwanza ndiye bora wa lori zima."

Ng'ombe akatokeza kichwa.

Alikuwa wa rangi ya kahawia, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Sikio la kulia lilikuwa na pengo. Pembe moja ilitazama juu, ya pili ilitazama chini, kama haziongei. Alishuka kwenye ubao taratibu, mguu kwa mguu, kwa ile adabu ya mnyama aliyelelewa bila kufokewa.

Mama Pacha akarudi hatua moja nyuma.

"Wifi," Wifi alinong'ona, na sijui alijifunza wapi kunong'ona. "Wifi, yule si..."

"Nyamaza."

"Si marehemu?"

"Nyamaza, wifi yangu, nakuomba."

"Mbona amenenepa? Kifo kimempenda!"

Alikuwa Karani. Kiunoni alikuwa amepakwa namba ya serikali kwa rangi ya bluu, lakini alikuwa Karani. Mama Pacha alibana mikono nyuma ili isije ikamkimbilia yenyewe.

"Mnyama mzuri," dereva aliendelea kumnadi. "Tulimnunua kule mto unakoishia. Aliyetuuzia ana vituko, alituambia hakumfuga, alimvua."

"Alimvua?" aliuliza Mkaguzi.

"Kama samaki. Anasema alimkuta amekwama kwenye nyavu zake siku za mafuriko."

Dereva alicheka peke yake.

Mkaguzi alimsogelea ng'ombe. Akamzunguka. Akaangalia lile sikio. Kisha akamgeukia Mama Pacha, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyo Karani aliyekufa alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi!" Wifi alijibu.

"Mweupe!" Mwenyekiti alijibu papo hapo.

Wakatazamana.

"Mweusi au mweupe?"

"Alikuwa na madoa," Kesho alijaribu kuwasuluhisha.

"Kimya wote!" Mkaguzi alinyanyua mkono. "Mama, nisikilize. Kama huyu ndiye, basi hajafa, amerudi. Kilichorudi hakilipwi. Na kwa kuwa serikali imemnunua, ni mali ya serikali. Atapanda lori, mimi nitapanda lori, na neno lako litakuwa na ufa. Kama siye, ni wako, nami nitakupongeza. Nataka umwite."

"Nimwite?"

"Kwa jina la marehemu. Tena kwa sauti, nisikie."

Mama Pacha aliona machimbo ya kokoto. Aliona pacha wake wanakohoa. Tangu Karani akiwa ndama, hakuwahi kuitwa akakaa. Hata akiwa analala, ukimtaja tu jina, alikuja. Sasa amwite, na amwombe Mungu asije!

"Karani," alisema.

"Sijasikia."

Akajaza kifua pumzi. "Karaniii!"

Ndege waliruka kwenye miti. Meneja akashtuka. Mwenyekiti akashika moyo.

Ng'ombe wa serikali akaendelea kutafuna.

"Tena."

"Karaniii! We Karani!"

Hakupepesa hata jicho. Na hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa. Karani hakuijua sauti ile. Miaka yote aliitwa kwa mnong'ono, sikioni, mdomo karibu na manyoya. Huyu anayepayuka alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Mama Pacha alifurahi, na wakati huo huo akajisikia amemsaliti.

"Vizuri," Mkaguzi alivaa kofia yake. Hata yeye alionekana kutua mzigo. "Si yeye. Mama, ng'ombe ni wako. Mwenyekiti, mazao yote yatalipwa. Dereva, washa."

Kelele iliyolipuka hapo siwezi kuieleza. Mwenyekiti alimkumbatia Kesho. Kesho alimkumbatia dereva. Mkaguzi akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, ule wa kushoto, wenye buti la kiraka. Na Wifi, kwa furaha ya kujua kwamba shingo yake imestaafu, aliinyanyua nira juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaitupa chini kwa nguvu zake zote.

"Sikuoni tena, mshenzi wewe!"

Mnyororo wa nira ukalia.

Ng'ombe wa serikali akaacha kutafuna.

Mlio huo ndio uliomwamsha kila alfajiri ya maisha yake ya kazi. Masikio yakasimama, lile zima na lile lenye pengo. Akageuka. Akaanza kutembea. Alipita katikati ya Mwenyekiti na Kesho waliokuwa wamekumbatiana, akawatenganisha. Akapita mbele ya Mkaguzi bila salamu. Akafika kwa Meneja, wakanusana pua. Halafu akazunguka nyuma yake, akaja upande wa kushoto, akainamisha shingo juu ya nira iliyolala chini, akasimama anangoja, kama mtumishi aliyerudi kutoka likizo.

Lori lilikuwa linanguruma. Mkaguzi akampungia dereva alizime. Akashuka ngazi.

"Mama Pacha," alisema kwa upole uliotisha kuliko makelele. "Ng'ombe huyu ameshuka lini kijijini kwenu?"

"Sasa hivi, mheshimiwa!" Wifi alidakia. "Wote tumemwona!"

"Sasa hivi. Basi nani amemwambia kwamba anakaa kushoto?"

Wifi akafungua mdomo. Mwenyekiti akafungua wake. Lakini kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Mama Pacha alinyoosha kiganja, akauziba mdomo wa wifi yake. Akasogea mbele, akasimama kati ya Mkaguzi na nira.

"Mheshimiwa," alianza, kwa ile sauti yake ndogo ya siku zote.

Na nyuma yake, Karani aliposikia sauti hiyo, aliinua kichwa, akaja, akaweka kidevu chake begani kwake.